Nani Aliyepinda Ekzosi ya Boza

Mmenisumbua vya kutosha. Kila anayepita mlangoni kwangu, "Bibi, tuandikie ile habari ya Mama Ekzosi, wewe ndiye unayeijua." Naijua, ndiyo. Na nyinyi mlikuwepo, mna macho na mna midomo, hasa midomo. Kwa nini hamkuandika nyinyi mliosoma mkajaza madaftari? Mimi shule niliishia kuuona mlango, na kalamu inanitoa jasho kuliko mchi. Lakini nimechoka kusikia habari ya mtoto wa dada yangu ikisimuliwa kombokombo na watu walewale waliompaka matope. Basi kaeni, na mtu asinikatize.

Jina la Mama Ekzosi alipewa na watu, hakupewa na wazazi. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, mikono ina vikovu vya cheche mpaka viwikoni, na kichwani ana kitambaa ambacho zamani kilikuwa chekundu, kabla masizi hayajakiamulia vingine. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kwenye kona ya uwanja wa Tajiri wa Maji, yule mwenye maboza yanayopeleka maji mitaani. Tajiri alimwachia kona ile kwa makubaliano kwamba ekzosi za maboza yote zitengenezwe hapo. Kazi nyingine ni za watu wa nje. Na watu wa nje walikuwa wanakuja hivi:

"Shemeji, habari za kazi? Fundi yupo?"

"Yupo."

"Basi niitie."

"Nimeshaitika. Fungua boneti."

Mtu anabaki ameduwaa, anamtazama juu mpaka chini, anaangalia nyuma ya kibanda kama kuna mwanaume amefichwa kule. Wengine waliondoka. Waliobaki walirudi tena na magari ya ndugu zao.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake mdogo, mzee mmoja mkali aliyekuwa anaongea na vyuma kuliko anavyoongea na watu. Na baba mdogo alipochoka na kazi alimwachia kitu kimoja tu, kichwa cha injini ya lori lililokufa zamani, sawasawa na injini za maboza. Chuma kizito, kimelala chini ya dirisha, hakijui petroli wala dizeli tangu wengine hamjazaliwa. Pale kibandani chuma hicho kinaitwa Marehemu. Usicheke, kina kazi. Mnaijua ekzosi inavyoanza? Kuna mabomba manne yanatoka ubavuni mwa injini kama vidole, halafu yanaungana kuwa bomba moja la kupeleka moshi nyuma. Kule kwenye mizizi, vidole vimechomelewa kwenye bati nene lenye matundu ya bolti, na bati hilo ndilo linalobanwa kwenye injini. Likipinda unene wa ukucha tu, matundu na bolti havitazamani tena. Ukilibana kwa nguvu, linaacha mwanya, moshi unapita pale na kelele zake, tsi tsi tsi tsi, unamwingia dereva kwenye kabini, anarudi nyumbani kichwa kinamgonga.

Sasa fundi mvivu anachomelea ekzosi ikiwa imelala chini sakafuni, huru. Moto unaivuta unakotaka, inapoa imepinda, halafu anachukua tupa anapanua matundu mpaka bolti ziingie kwa kubembelezwa. Mama Ekzosi hachomelei ekzosi ikiwa huru hata siku moja. Anaifunga kwanza kwa Marehemu, bolti zote, anakaza, ndipo anawasha moto. Akimaliza haigusi. Haipulizii, haimwagii kitu. Inapoa yenyewe, imeshikwa pale pale, na yeye anakunywa chai akiitazama. Watu wa haraka walikuwa wanatukana kimoyomoyo. Wengine kwa sauti.

"Mama Ekzosi, inapoa mpaka lini?"

"Mpaka ipoe."

"Mwagia maji basi!"

"Kamwagie mama yako chai ya moto, uone kama atakushukuru."

Mume wake ni dereva wa boza mojawapo la Tajiri. Huyo naye watu walimwita Nadhifu, na hawakukosea. Mwanaume wa kupiga pasi mpaka soksi. Viatu vyake ungeweza kujitazamia ukichana nywele. Boza lake lilikuwa na kioo kisicho na alama ya kidole, na matairi aliyapaka dawa yakawa meusi tii. Alikuwa mpole, hana makuu, na alimpenda mke wake waziwazi mpaka wenzake wakamtania kwamba hata gia anaingiza kwa adabu.

Sasa tatizo likaanzia kwenye boza hilohilo la Nadhifu. Mke wake alilitengenezea ekzosi mpya, nzuri, akaifunga kwa Marehemu, akachomelea, akaacha ikapoa, akaibana kwenye injini, ikakaa kama imezaliwa pale. Boza likaondoka kimya. Siku si nyingi, Nadhifu akarudi, tsi tsi tsi tsi.

Mama Ekzosi akafungua, akapeleka ekzosi kwa Marehemu. Bolti za katikati ziliingia. Za pembeni zikagoma. Bati limejikunja kama mkono unaotaka kuomba.

"Ulipita wapi na gari?" akamuuliza mumewe.

"Ninapopita kila siku, mke wangu. Bombani kujaza, mitaani kumwaga, bombani, nyumbani."

"Hukugonga kitu?"

"Mimi? Nigonge?" Nadhifu aliumia kweli, kama ameulizwa kama anaoga.

Akainyoosha. Ikapinda tena. Akainyoosha tena, safari hii akaongeza kipande cha chuma mgongoni mwa bati kuipa nguvu. Ikapinda na nguvu zake zote. Na maboza mengine, mikono ileile, Marehemu yuleyule, yalikuwa yanatembea bila neno. Lakini hayo nani aliyatazama? Watu walisikia moja linalopiga kelele, basi.

Hapo ndipo nyinyi mlipoingia. Msijifanye hamjui. Kulikuwa na fundi mwingine, anajiita Bingwa, ana gereji kule karibu na bomba ambako maboza yanajaza maji, benchi lake linaangalia bomba lenyewe. Alikuwa anaimezea mate kona ile ya Tajiri kwa muda mrefu. Akaanza kwa upole. "Dada yetu anajitahidi, lakini chuma si unga." Mkacheka. Akaendelea: "Lile Marehemu lenyewe limepinda. Ukipimia kitu kilichopinda utapata nini?" Mkalibeba hilo mkalitembeza. Dukani, kinyozi, kwenye foleni ya maji. Mama Ekzosi akiagiza chai anaulizwa kama kikombe chake kimenyooka. Watoto wakapita kibandani wakitembea upandeupande, wakisema ni ekzosi ya Mama. Na watu wazima mkawatazama mkatabasamu. Mimi nilikuwepo, nimewaona kwa macho yangu.

Nadhifu alisikia naye. Siku moja alimkunja shati muuza vocha kwa sababu ya maneno hayo, halafu akarudi kulipiga shati lake mwenyewe pasi. Nyumbani hakumwambia mkewe. Alizidi tu kulisugua boza.

Tajiri wa Maji hakuwa mtu wa kelele. Alikuja kibandani asubuhi, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Binti, ikivuja tena, kona hii nampa Bingwa. Dereva wangu anavuta moshi."

"Dereva wako ni mume wangu, mzee. Moshi anaovuta ninaufua mimi kwenye mashati."

"Ndiyo maana nakupa nafasi. Nyingine sina." Akaondoka.

Mama Ekzosi akabaki na kibanda chake. Mabati aliyapigilia mwenyewe misumari. Hakuwa na pa kuhamia, na hata angepata, nani angempelekea gari fundi aliyefukuzwa kwa kupinda? Alifunga mlango. Akachukua rula ya chuma, akaisimamisha juu ya uso wa Marehemu, akainama upande wa pili kuona kama mwanga unapenya chini yake. Akapima marefu, akapima mapana, akapima kutoka kona mpaka kona. Mwanga haukupenya popote. Marehemu alikuwa amenyooka kuliko watu wengi walio hai.

Basi ni mkono wangu, akawaza. Aliutazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua. Kisha hasira ikampanda. Mkono gani? Mkono huu uliotengeneza maboza yote haya? Akasimama, akawasha gesi.

Akaifunga ekzosi kwa Marehemu kuanzia katikati, bolti zinazokubali kwanza. Akalipasha bati moto pale kwenye kisigino cha mkunjo, taratibu, mpaka likawa na rangi ya kaa la moto, huku anakaza bolti kidogo, anapasha, anakaza kidogo. Za pembeni zikaanza kuona matundu yake. Zikaingia kwa vidole, bila nyundo. Akazima moto, akaiacha hapohapo. Ilipokuwa ya baridi kabisa akaifungua, akalisugua bati kwenye kioo kilichotandikwa msasa mpaka likang'aa lote, hakuna doa jeusi la kuonyesha bonde. Akaibana kwenye injini na gasketi mpya ya kuziba mwanya. Kisha akavua aproni, akafungua mlango wa abiria wa boza, akapanda.

"Unakwenda wapi?" Nadhifu akashangaa.

"Kazini."

"Mke wangu, kuna joto humo, kuna foleni. Kaa nyumbani, nitakuangalizia mimi."

"Umeniangalizia vya kutosha. Washa gari."

Siku hiyo alizunguka na boza mitaa yote. Kila likisimama anashuka, anainama, anasikiliza. Kimya. Wanawake wenye ndoo wakamwuliza, "Fundi, umekuwa utingo?" Akawajibu kwamba afadhali utingo, haambiwi amepinda. Kwenye kilima, kimya. Kwenye barabara ya mashimo, kimya. Alipanda, akashuka, mpaka Nadhifu akaanza kuudhika kwa adabu yake ileile.

"Sasa unaona? Leo imepona."

"Haijapona. Inanitazama."

Jioni, jua bado lipo, wakaingia bombani kujaza kwa mara ya mwisho. Mama Ekzosi akaenda kivulini kunawa uso. Nyuma yake akasikia boneti linafunguka. Hakujali, Nadhifu hufungua boneti kama wengine wanavyofungua redio. Kisha akasikia:

Chwaaaa!

Aligeuka. Wingu jeupe la mvuke lilikuwa linapanda juu ya injini, na katikati yake mumewe, mikono ya shati imekunjwa vizuri, ameshika mpira wa maji, anaiosha injini ya moto kama anayemwogesha mtoto. Maji yalikuwa yanapiga ekzosi moja kwa moja, na ekzosi inalia, ting, ting, ting, chuma kinajivuta.

"Wewe!" Sauti aliyoitoa iliwafanya watu wa bombani waache ndoo. "Wewe! Unafanya nini?"

"Nasafisha," akasema Nadhifu, kwa mshangao wa kweli.

"Unasafisha tangu lini?"

"Kila siku. Tangu uliponitengenezea hii mpya." Akauzima mpira, akafuta mkono wake. "Ina vumbi, mama. Nilitaka mtu akifungua boneti aone kazi ya mke wangu inang'aa."

Mnasikia? Nikiwaambia mwanaume yule alikuwa anamharibia mkewe kazi kila siku kwa mapenzi, mtasema bibi anatia chumvi. Mama Ekzosi alimnyang'anya mpira, akautupa. Alitaka kumpiga. Alitaka kucheka. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa masizi, akajichora uso.

"Umenipinda," akasema mwishowe. "Chuma cha moto unakimwagia maji. Upande mmoja unasinyaa, mwingine bado umevimba. Siku zote hizi nasemwa njiani, na aliyenipinda nalala naye kitanda kimoja."

Nadhifu akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya pasi. Hapo ndipo utajua mambo yalikuwa makubwa.

"Nitamwambia mzee," akanong'ona. Kisha akatazama tope kwenye suruali yake. "Atanifukuza. Nitamwaga unga."

"Sitakusemea. Mdomo ni wako."

Walirudi uwanjani bila kuongea, lakini boza liliongea, tsi tsi tsi tsi, njia nzima. Na Tajiri alikuwa amesimama getini. Na nani yuko naye? Bingwa! Amekuja na pikapu yake, ameiacha inanguruma, kama mtu aliyekuja kukagua nyumba ya kupanga. Madereva wengine wapo, muuza vocha yupo, vijana wa mkokoteni wapo, na baadhi yenu mpo, mmeegemea ukuta.

Tajiri akasikiliza ile kelele mpaka injini ikazimwa. "Nilisema nini?" akauliza.

Mama Ekzosi alimtazama mumewe. Nadhifu alitoa kitambaa akafuta kioo cha pembeni, ambacho hakikuwa na kitu. Alikaa kimya! Mwanaume mzima, ndevu zake, kimya!

"Pole, dada," Bingwa akasema. "Kazi nyingine zina wenyewe. Nyie wa mkokoteni, njooni mchukue hili dubwana, liende kwenye vyuma chakavu." Akaingia kibandani kama kwake, akamsukuma Marehemu kwa mguu.

Mama Ekzosi akaingia nyuma yake, akamkalia Marehemu. Akakunja mikono. "Mtubebe wote wawili," akasema. "Nione mwenye mgongo huo."

Watu wakacheka. Na kicheko hicho ndicho kilichomfikisha Nadhifu mwisho wake. Akatupa kile kitambaa chini, kwenye vumbi.

"Mzee, ni mimi! Naiosha ikiwa ya moto. Kila siku naimwagia maji. Yeye hana kosa, amenyooka, Marehemu amenyooka, mimi ndiye... mimi ndiye."

Mnadhani waliamini? Bingwa alipiga makofi. "Mume mwema huyo! Anamkinga mkewe. Maji yapinde chuma? Maji hayahaya tunayokunywa?" Na Tajiri naye akatikisa kichwa, akamwambia Nadhifu aache kujitia kimbelembele.

Mama Ekzosi akainuka. Akachukua ndoo iliyojaa pale kwenye pipa, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu ya Bingwa, ambayo ilikuwa bado inanguruma, akanyanyua boneti, akaipandisha ndoo begani juu ya ekzosi ya moto.

"Usithubutu!" Bingwa aliruka hatua moja kubwa. "Una wazimu? Weka chini!"

"Kwa nini? Maji tu haya. Tunayokunywa."

"Itapinda, mama! Itapi..."

Akakomea hapo. Uwanja mzima ukakomea hapo. Mlisikia hata ndoo inavyodondosha matone.

"Kumbe unajua," Mama Ekzosi akasema polepole. Akaishusha ndoo. "Na benchi lako linaangalia bomba. Kila jioni mume wangu anafungua boneti mbele ya pua yako, unauona mvuke, unaisikia chwaa, halafu unapita mtaani kusema Marehemu wangu amepinda."

Bingwa akasema ana haraka. Pikapu yake ilitoka getini boneti likiwa halijafungwa vizuri.

Sasa mngetegemea nini? Mtu amesemwa, ametaniwa na watoto, amekaribia kutolewa kwenye kibanda alichokijenga kwa mikono yake, na ukweli umetoka mbele ya wote. Tajiri wa Maji alimtazama Nadhifu, akasema, "Nikikuona na mpira wa maji karibu na injini, tafuta kazi nyingine." Akamtazama Mama Ekzosi, akasema, "Basi, yamekwisha. Kila mtu kazini." Akaondoka.

Yamekwisha! Yamekwisha vipi? Kama mtu amemwaga chai akaifuta? Hakuna aliyesema pole. Muuza vocha akaanza kuuza vocha. Madereva wakaanza kumwita Nadhifu "Chwaa", na mpaka leo ni Chwaa, wakaona utani huo umelipa yote. Mama Ekzosi alirudi kibandani, akamfuta Marehemu alama ya kiatu cha Bingwa, akaifungua ekzosi ya boza, akaanza kuinyoosha upya, bolti za katikati kwanza. Mumewe alikaa mlangoni na suruali yake ya tope, akamshikia spana. Ilipofika wakati wa kupoa, alikaa naye mpaka ikapoa, mikono amejiwekea chini ya mapaja. Boza lile sasa linapita mtaani kimya, injini imejaa vumbi na masizi mpaka Chwaa anaugua moyo, lakini haigusi. Kona bado ni ya Mama Ekzosi. Na kuna wanaopita pale hadi leo wakiuliza, "Shemeji, fundi yupo?"

Sasa nimeandika, kidole kinaniuma, nataka malipo. Wewe unayesoma hapa, usianze kutazama pembeni, na usiseme hukuwemo. Kama hukusema, ulisikia ukacheka. Inuka uende kibandani. Ukifika, umwite fundi, wazi, wenye masikio wasikie, kisha umwambie, "Pole kwa yale maneno, na yangu yalikuwemo." Usimletee gari siku hiyo, asije akadhani umefuata shida zako. Halafu urudi kwangu uniambie amejibu nini, neno kwa neno, maana nitamwuliza na yeye. Na usije mikono inaning'inia. Niletee kalamu, hii yangu imekauka wino kwa ajili yenu.